Kutoboa stenlesi bila kuunguza biti

Kinachoua biti kwenye stenlesi ni joto. Karakana nyingi utaona drili imebanwa hadi mwisho wa kasi, moshi unafuka, biti inapiga kelele, na shimo halijaingia hata milimita moja. Hapo biti haikati tena, inasugua. Vyuma viwili vikisuguana havigusani uso mzima. Vinagusana kwenye vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na joto huzaliwa hapo hapo. Chuma cha kawaida hulisambaza upesi. Stenlesi hupitisha joto takriban theluthi moja tu ya chuma hicho, kwa hiyo joto linabaki nchani mwa biti.

Hatua ya 1: Noa. Weka makali juu ya ukucha wa kidole gumba, yavute taratibu. Yakinasa, yanafaa. Yakiteleza, rudi kwenye jiwe la kunolea. Mwaka 1798 Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, alieleza jaribio lake la Munich: aliweka chuma cha mzinga ndani ya maji, akakisugua makusudi kwa keekee butu iliyozungushwa na farasi. Baada ya saa mbili na nusu maji yalichemka bila moto wowote. Biti butu inafanya kazi ile ile mkononi mwako.

Hatua ya 2: Funga na utie alama. Bana kipande kwenye jiliwa, vaa miwani, vua glovu maana biti huzinasa. Piga senta panchi (kifimbo cha chuma chenye ncha, cha kutia alama) mara moja, kwa uhakika. Kugongagonga kunaugumisha uso.

Hatua ya 3: Punguza kasi. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Joto la msuguano linalozaliwa kila sekunde ni nguvu ya msuguano mara kasi ya kuteleza, hivyo kwa nguvu ile ile, nusu ya kasi ni nusu ya joto. Biti ya milimita 10 ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, ukingo wake unakimbia karibu mita 88 kwa dakika. Stenlesi inataka kama mita 12 tu. Kwa biti hiyo lenga mizunguko 400 kwa dakika. Kwa ya milimita 5, kama 800. Ukiweza kuuhesabu mzunguko kwa macho, umepitiliza upande wa pili, lakini heri huko.

Hatua ya 4: Tia mafuta ya kukatia kabla ya kuanza, kisha tone baada ya tone. Ukiyakosa, mafuta mapya ya injini ni bora kuliko pakavu.

Hatua ya 5: Kandamiza bila kusita. Egemeza uzito wa mwili, uone nyuzi za chuma zikipanda. Nyuzi zikiacha kutoka, toa biti mara moja. Ikizunguka bure shimoni, itaugumisha uso wa chini na hata biti mpya itashindwa. Angalia rangi pia: chuma cha kawaida huwa manjano karibu na nyuzijoto 220 na bluu karibu na 300, lakini stenlesi huchelewa kubadilika. Ukiona imeshakuwa kahawia, joto ni kali kuliko unavyodhani.

Ukihisi ncha inakaribia kutokea upande wa pili, legeza mkono. Makali yakinasa ukingoni, drili hukusokota kifundo cha mkono.