Namna ya Kuomba Kufunguliwa kwa Nyaraka za Kesi Zilizofungwa kwa Umma katika Mahakama za Shirikisho za Marekani

Hukumu inapotolewa katika kesi iliyofuatiliwa na wengi, baadhi ya sababu zilizomfanya jaji azifunge nyaraka zisionwe na umma huwa zimekwisha: jopo la raia limeshaamua, hivyo hofu ya kuwashawishi kwa habari za magazetini haipo tena. Ombi lako lijengwe juu ya mabadiliko hayo.

Anza na rejesta ya kesi katika PACER, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za mahakama za shirikisho, unaotoza senti 10 kwa ukurasa, ukomo ukiwa dola 3 kwa nyaraka nyingi, na usiodai malipo iwapo matumizi yako ya robo mwaka hayazidi dola 30. Tafuta namba za nyaraka zilizorukwa katika rejesta na amri iliyozifunga nyaraka hizo, kisha orodhesha kila waraka unaoutaka, maana ombi la kufunguliwa kila kitu hukataliwa kwa urahisi.

Usipoteze muda na Sheria ya Uhuru wa Habari ya 1966, kwani haizihusu mahakama. Mwandikie jaji aliyesikiliza kesi. Kwa kuwa wewe si mdaawa, yaani si upande wowote wa kesi, utaomba kuingia katika kesi kwa lengo hilo moja tu, ingawa wapo majaji wanaopokea hata barua.

Hoja ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 1978, katika Nixon dhidi ya Warner Communications, Mahakama ya Juu ilitambua haki ya umma ya kukagua na kunakili kumbukumbu za mahakama, japo haki hiyo ina mipaka. Na mwaka 1986, katika shauri la pili la gazeti la Press-Enterprise lililohusu usikilizaji wa awali wa kesi ya jinai, ilisema kuwa usiri lazima utokane na sababu mahususi zilizotajwa na usivuke kiasi kinachohitajika. Shauri la Giuffre dhidi ya Maxwell, ambamo Virginia Giuffre alimshtaki Ghislaine Maxwell kwa kumkashifu, lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2017, lakini Julai 2019 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili, ikiombwa na gazeti la Miami Herald na wengine, iliamuru sehemu ya jalada ifunguliwe na nyaraka zilizobaki zipitiwe mmoja mmoja.

Tambua usichoweza kukipata: ushahidi ambao wadaawa walibadilishana bila kuuwasilisha mahakamani kwa kawaida si kumbukumbu ya mahakama, na mambo ya jopo kuu linaloamua kama mtu ashtakiwe hulindwa na Kanuni ya 6(e) ya Kanuni za Shirikisho za Mwenendo wa Jinai. Majina ya waathiriwa, hasa watoto, kubali mwenyewe yafutwe. Ni haki yao, na jaji ataona kwamba hutafuti umbea.

Jaji akikataa, omba amri ya maandishi inayotaja sababu kwa kila waraka, kwa kuwa hizo ndizo mahakama ya rufaa itakazozipima, na siku za kukata rufaa huanza kuhesabiwa amri inaposajiliwa.