Feni ya bafuni haivuti? Ipime kabla hujanunua nyingine

Juni na Julai ndiyo miezi ninayoitwa zaidi kwa ajili ya feni za bafuni hapa Arusha. Baridi imekaza, watu wanaoga maji ya moto na dirisha limefungwa, basi mvuke wote unapanda darini. Jipsamu ikianza kuota ukungu mweusi, mwenye nyumba anakimbilia dukani. Mara nyingi feni aliyonayo ni nzima, ila hewa haina njia.

Hatua ya 1: Jaribu kwa tishu

Washa feni, funga mlango, kisha weka kipande cha tishu kwenye uso wa feni. Kikinasa, inavuta. Kikidondoka, fungua mlango kidogo urudie. Kikinasa safari hii, feni haina kosa: bafu limezibwa mno na hewa mpya haipati pa kuingilia. Mwite seremala apunguze mlango kwa chini, sentimita moja hivi inatosha.

Hatua ya 2: Kata umeme

Usiridhike na kuzima swichi ya ukutani. Kuna nyumba ambazo swichi imefungwa kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya layini (waya unaoleta umeme), kwa hiyo feni inazima lakini waya bado una moto. Zima breka ya sakiti hiyo, na kama huijui ni ipi, zima meni swichi. Halafu pima. Kwenye mita chagua AC na kipimo kilicho juu ya volti 230. Kile cha 200 hakifai. Anza kwenye soketi yenye umeme uhakikishe mita inasoma, kisha pima waya za feni, kisha rudi kwenye ile soketi. Ikiwa umezima meni swichi, utapata umeme kwa jirani tu, kwa hiyo ipime mita kabla ya kuzima. Rangi za waya zisikudanganye: nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, mpya zina kahawia na bluu, na nyingine zina chochote fundi alichokuwa nacho siku hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta ugonjwa

Vua kava, zungusha mapanga kwa kidole. Yakiwa mazito, ni vumbi letu la kiangazi lililochanganyika na mvuke likawa tope, na bushi (vishikizo ambamo shafti ya mota inazungukia) zimekauka. Safisha kwa brashi na kitambaa chenye unyevu kidogo, bila kumwagia mota maji, kisha tia matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye shafti. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda na kunasa vumbi zaidi.

Yakizunguka laini lakini ukiwasha feni inanguruma tu, shuku kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Hiyo ni kwa feni kubwa. Nyingi za inchi 4 hazina kapasita.

Ikiwa kimya kabisa na umeme ulikuwa unafika, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani) upime mota umeme ukiwa umekatwa. Mita isiposoma chochote, koili au fyuzi ya joto iliyomo ndani imekatika. Wapo wanaoiruka hiyo fyuzi kwa kipande cha waya. Usifanye hivyo: ndiyo inayozuia mota iliyokwama isiwashe moto darini. Nunua nyingine.

Hatua ya 4: Panda darini

Hapa ndipo kazi nyingi zimeharibikia. Utakuta bomba halijafika nje, linapuliza mvuke juu ya silingi bodi, na mbao za kenchi zimeanza kuoza. Ukifunga feni mpya hapo umebadilisha kelele tu. Fikisha bomba nje, liwe fupi, lenye kona chache, na liiname kidogo kuelekea nje ili maji ya mvuke yasirudi kwenye mota. Kule nje weka vibao vinavyojifunga, la sivyo ndege watajenga kiota.

Hatua ya 5: Funga mpya

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Feni ya inchi 4 ina mdomo wa milimita 100 hivi. Kwa ukubwa, zidisha ujazo wa bafu mara 10: bafu la mita 2 kwa 1.8, kimo 2.5, ni mita za ujazo 9, kwa hiyo tafuta feni ya mita za ujazo 90 kwa saa. Ikikaa karibu na shawa, iwe na alama ya IPX4, yaani inahimili maji ya kurukia.

Layini na nyutro zifunge kwenye konekta, waya ya ardhi pale penye sehemu yake. Kaza skrubu kwenye fisha (plastiki inayoingia kwenye tundu la ukuta) kwa kiasi tu. Ukikaza kupita kiasi bodi ya feni inajipinda na mapanga yanakwaruza. Kama inabidi kuvuta laini mpya, mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji.

Washa, rudia tishu. Ukimaliza kuoga iache izunguke dakika 15. Wanaoizima mapema kwa kuogopa LUKU wajue kwamba feni ya wati 20 inamaliza uniti moja kwa saa 50.