Somo: Kusafirisha ndege kubwa ya mfano, ile ya kurushwa kwa rimoti na yenye injini ya mafuta, kwa vani au trela

Wakubwa shikamooni, wengine habari za wikendi. Somo hili niliahidi tangu Pasaka, nikalikawiza. Leo nalileta.

Naanza na nati. Mwaka juzi nilitoka nyumbani Coventry alfajiri na ndege ya mabawa ya mita 2.7, injini ya petroli ya sisii 60, kilo 12 ikiwa tupu. Mwendo wa saa moja na nusu, lami safi, hakuna hata shimo la kusimulia. Ndege niliifunga vizuri, haikusogea hata inchi. Nafika uwanjani, nafungua mlango wa nyuma, naona nati ya milimita 5 imelala sakafuni inang'aa. Nikaiokota nikaitia mfukoni, nikidhani imedondoka kwenye sanduku la spana. Mwenzangu mmoja, mzee wa Kiingereza mwenye maneno machache, akashika propela akaisukasuka kidogo, akaniangalia. Injini nzima ilikuwa inacheza. Ile nati mfukoni ilikuwa ya bolti ya injini, na mimi nilibakiza dakika kumi niiwashe.

Wengi tunaogopa breki ya ghafla na kona kali. Hizo zipo, lakini zinazouawa nazo ni chache. Ndege nyingi zinaliwa kidogo kidogo na mtikisiko wa safari nzima, na mtikisiko huo unazidi pale mzigo unapokuwa mwepesi. Aliyewahi kukaa kiti cha nyuma cha daladala tupu anajua. Likijaa watu linaelea kama mashua. Mkibaki wewe na konda, kila tuta linakurusha paani. Springi za vani zimepigiwa hesabu ya mzigo wa karibu tani. Wewe unaipakia kilo 12. Kwake haijabeba kitu.

Hatua ya 1: Mafuta yatoke kabla ndege haijaingia garini

Hapa sina mzaha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi ukatokea dirishani. Unatambaa sakafuni, na huko chini ndiko kwenye nyaya na soketi. Usijidanganye kwamba leo kuna baridi: petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri.

Fyonza tangi kwa pampu kupitia mrija wa kujazia, kisha washa injini, iachie iunguze kilichobaki kwenye kabureta mpaka ijizime yenyewe. Mrija wa kupumulia usiuzibe. Ukiuziba, jua likilipiga gari, hewa ndani ya tangi inapanuka na kuyasukuma matone yaliyobaki hadi kwenye kabureta. Mimi ncha yake naitumbukiza kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi chenye kitambaa ndani, nakifunga kwa mpira kwenye mguu wa ndege.

Kuhusu dumu: Uingereza, kanuni za 2014 zinaruhusu dumu la plastiki lisilozidi lita 10 na la chuma lisilozidi lita 20, na nyumbani ukitaka kuweka zaidi ya lita 30 lazima uwaarifu wahusika. Kwa siku nzima ya kurusha, lita 5 zinanitosha na nyingine narudi nazo. Dumu lijazwe likiwa chini ardhini, kamwe si juu ya zulia la gari, maana plastiki na zulia huzaa umeme wa msuguano, na cheche moja inatosha. Liache na nafasi ya hewa juu, lisimamishwe wima, lifungwe, likae mbali na betri. Kizima moto kiwe mlangoni. Kikiwa nyuma ya mizigo ni sawa na kukiacha nyumbani.

Wenzetu wa methanoli, nyie moto wenu mchana hauonekani kirahisi. Ukihisi joto pasipo na ndimi, rudi nyuma kwanza, maswali baadaye.

Hatua ya 2: Betri

Chomoa zote, ya kupokelea mawimbi na ya plagi. Swichi haitoshi, begi likiiegemea inawaka. Za lithiamu-polima ziende kwenye mfuko wake usioshika moto.

Hatua ya 3: Mabawa

Bawa halilazwi. Linasimamishwa, ukingo wa mbele chini, ukingo wa nyuma juu. Wa mbele ni mnene, una mbao ndani. Wa nyuma ni mwembamba kama ukucha, ukiukalisha unapinda. Nimejenga fremu ya plaiwudi upande wa kushoto wa vani, yenye mifereji miwili. Ndani ya mifereji nimelaza ile mirija mirefu ya sponji wanayochezea watoto kwenye bwawa la kuogelea, nimeipasua kwa kisu urefu mzima ikawa kama maganda ya muwa. Kila bawa lina mfuko wake wa kitambaa, na mkanda mwembamba juu unaolizuia lisiruke.

Bomba la bawa, lile linalounganisha mabawa na kiwiliwili, liwe la alumini au la kaboni, lisibaki ndani ya bawa wala lisiachwe likibingirika sakafuni. Mimi nalifunga pamoja na fremu ya mabawa, kwa sababu nimeshashuhudia baba wa watoto watatu amesafiri saa nne na mabawa mawili mazuri, bomba kaliacha gereji. Nusura alie.

Hatua ya 4: Kiwiliwili

Hapa ndipo penye siri ya nati yangu. Kwanza godoro. Nilichukua sponji kuukuu ya kitanda cha mtoto, unene wa inchi 4, nikaikata ienee chini ya ndege yote, juu yake nikaweka ubao wa plaiwudi, na juu ya ubao ndipo ndege inaposimama. Ule ubao unaongeza uzito, sponji inameza mtetemo, na ndege inapanda na kushuka polepole badala ya kugongwagongwa. Tangu niweke godoro, nati zimetulia.

Magurudumu yaingie kwenye visanduku vilivyopigiliwa juu ya ubao, yazuiwe mbele na nyuma. Pua ielekee mbele ya gari. Mkanda upite juu ya kiwiliwili pale yanapokaa mabawa, kwa kuwa ndipo penye mbao za nguvu, ukiwa na sponji chini yake. Usiufungie kwenye shingo ya mkia wala juu ya kioo cha rubani. Na tumia mkanda wa kawaida wa kubana kwa mkono. Wa racheti, ule wenye meno na mpini wa kukazia, waachie wabeba friji. Kubofya kuwili tu umeshavunja mbavu za ndege. Mkia ulale juu ya sponji, na ubaki upana wa kiganja kati yake na ukuta wa gari.

Propela itolewe. Ukiona uvivu, angalau ilazwe mlalo.

Hatua ya 5: Visukani

Visukani, vile vibao vinavyocheza nyuma ya bawa na mkiani, vikiachwa huru hupigapiga njia nzima, na kila pigo linakwenda kwenye meno ya sevo, kile kimota kidogo kinachovisukuma. Meno yakikatika utaligundua hewani. Vizuizi vya dukani vipo, ila mimi natumia vibanio vya nguo. Kila kibanio nimekibandika vijiti viwili vya aiskrimu, ndani yake vipande vya sponji, na utepe mwekundu mrefu unaoning'inia. Ule utepe usiudharau: kuna siku utasahau kibanio mkiani, na utepe ndio utakaokupigia kelele.

Hatua ya 6: Mnaotumia trela

Trela lina raha yake. Mafuta hayakai na wewe chumba kimoja, na ndege ya mita 3 inaingia na nafasi inabaki. Lakini kwa mtikisiko linaishinda vani kwa ubaya. Trela la kilo 750 lililobeba ndege mbili na meza ya kukunja linaruka kama mbuzi. Muulize aliyelitengeneza, au soma kitabu chake, upepo wa matairi uwe kiasi gani kwa mzigo mdogo. Wengi huacha ule wa mzigo kamili.

Uzito upangwe. Vitu vizito kama jenereta na masanduku ya vifaa vikae juu ya ekseli, kidogo mbele yake, ili ulimi wa trela ubonyeze ndoano ya gari. Hapa kipimo kinachotajwa sana ni asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela lililopakiwa. Ukirundika nyuma, ulimi unakuwa mwepesi, na kwa mwendo wa barabara kuu trela linaanza kupunga mkia. Likianza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka, usikanyage breki kwa nguvu, acha mwendo upungue wenyewe.

Kebo ya usalama ifungwe, taa zijaribiwe mtu akiwa nyuma, namba ya gari iwepo kwenye trela.

Hatua ya 7: Ukifika

Kabla ya salamu nyingi, kagua bolti za injini, za bomba la moshi, za magurudumu. Shika kila kimoja kwa mkono. Bolti za chuma kwa chuma ziwe na tone la gundi ya buluu ya kuzuia nati isilegee. Na safisha sakafu ya gari kabla ya safari, ili chochote utakachokikuta juu yake ujue kimetoka kwenye ndege.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka wa Nairobi: Mimi nina Probox, sina vani. Ndege ni ya mita 2.2. Mabawa naweza kuyafunga kwenye keria juu?

Jibu: Kaka, bawa ni bawa. Ukilipeleka mbio kwenye upepo litafanya kazi yake, na keria itaondoka nalo. Laza viti vya nyuma na cha abiria wa mbele, na hapa, tofauti na kwenye vani, pua ielekee mlango wa nyuma, mkia upite kando yako, mabawa yasimame upande wa pili. Mafuta usibebe kabisa, maana unavuta hewa hiyo hiyo. Nunua petroli karibu na uwanja, oili ya kuchanganyia nenda nayo kwenye chupa. Na matuta yapande taratibu, hata matatu zikupigie honi.

Dada wa Muscat: Kwetu shida ni joto. Nikiegesha nusu saa tu, plastiki ya mabawa inakunjamana.

Jibu: Pole dada. Rangi nyeusi na buluu nzito ndizo zinazoteseka zaidi, kwa hiyo hizo zikae chini kabisa kwenye fremu. Tumia mifuko yenye upande wa fedha, funika kiwiliwili kwa shuka jeupe, na betri shuka nazo wewe mwenyewe kila unapoegesha. Mikunjo midogo hurudi kwa pasi ndogo ya joto la wastani. Kinachonitia wasiwasi ni gundi: epoksi za kawaida hulainika kwenye joto kali, hivyo usiiache ndege na mkanda umeikaza. Legeza ukiegesha.

Mzee wa Tanga: Mwanangu, nataka kumtumia mjukuu ndege yangu Arusha kwa basi. Itafika?

Jibu: Shikamoo mzee. Itafika ikiwa ndani ya sanduku la plaiwudi ulilolipigilia mwenyewe. Ikiwa wazi, tayari nimeshakupa pole. Toa injini uifunge peke yake kwenye kisanduku chake, kwa sababu ndiyo itakayoivunja ndege kwa ndani. Tangi likaushwe hadi lisinuke, laa sivyo wa mizigo wana haki ya kulikataa. Andika "JUU" pande zote nne, na mjukuu awepo stendi basi linapoingia.

Kijana wa Leicester: Leseni yangu ni ya gari dogo, ya 2019. Naruhusiwa kuvuta trela?

Jibu: Ndiyo, tangu tarehe 16 Desemba 2021 huhitaji mtihani wa ziada kwa trela la hadi kilo 3,500, ilimradi gari lako lenyewe linaruhusiwa kuvuta uzito huo. Lisilo na breki mwisho ni kilo 750 au nusu ya uzito wa gari, kile kilicho kidogo. Kumbuka mwendo unashuka: maili 50 kwa saa kwenye barabara isiyogawanywa katikati, 60 kwenye iliyogawanywa na barabara kuu, na barabara kuu ikiwa na njia tatu au zaidi, ile ya kulia kabisa si yako. Njoo Jumamosi ujaribu kurudi nyuma na la kwangu, likiwa tupu.