Insulini ya msingi kwenye pampu ya mtoto: fuatilia iliyoingia, si iliyopangwa

Mtoto wa miaka minne mwenye kisukari anaweza kuhitaji yuniti 0.15 tu kwa saa kama insulini ya msingi, yaani ile inayotiririka mchana na usiku hata bila chakula. Pampu hubeba insulini ya kutenda haraka peke yake, kwa hiyo mtiririko ukikatika mwili hauna akiba, na ketoni (tindikali zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) huanza kujikusanya ndani ya saa chache. Wazazi wa kliniki yetu nawaomba dakika tano kila jioni kulinganisha insulini iliyopangwa na iliyoingia.

Hatua ya 1: Andika saa kama pampu inavyoandika. Saa tatu usiku kwa pampu ni 21:00. Mama mmoja aliniletea daftari lenye "saa 3 usiku, sukari 15". Nusura tuongeze insulini ya 03:00, wakati ambapo sukari ya mtoto ilikuwa shwari. Tungemshusha sukari akiwa usingizini! Hakikisha pia saa ya pampu haijageuza mchana kuwa usiku.

Hatua ya 2: Nakili ratiba, ujumlishe. Kwa mfano:

00:00–03:00, 0.15 kwa saa = 0.45
03:00–07:00, 0.20 = 0.80
07:00–20:00, 0.15 = 1.95
20:00–24:00, 0.30 = 1.20

Jumla ni yuniti 4.40. Usishangae jioni kuwa juu. Watoto wadogo wengi wako hivyo, ilhali vijana waliobalehe huhitaji zaidi alfajiri.

Hatua ya 3: Linganisha na jumla ya msingi iliyotolewa siku hiyo. Pampu ikionyesha 3.70, yuniti 0.70 hazikutoka. Fungua historia utafute iliposimamishwa: kuanzia 20:10 hadi 22:30, kwa 0.30 kwa saa, ni 0.70 kamili. Mtoto alikwenda kuoga, akalala, pampu ikasahaulika. Kama pampu inajirekebisha yenyewe kwa kufuata sensa (kipima sukari kinachovaliwa mwilini), ratiba haitalingana; hapo soma iliyotolewa tu.

Hatua ya 4: Chunguza mwili, siyo kioo cha pampu tu. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukichomoa mrija bila kusimamisha pampu, insulini inadondokea taulo, na pampu inahesabu kuwa imetoa. Kanula (kimrija kinachoingia chini ya ngozi) iliyopinda ni hatari zaidi, maana kwa kiwango kidogo namna hii kengele ya kuziba huchelewa kwa saa nyingi. Andika siku uliyobadilisha kanula, na usipitishe siku tatu.

Sukari ikizidi 14 mmol/L bila sababu, pima ketoni za damu. Zikifika 0.6 mmol/L, choma dozi ya kurekebisha kwa kalamu au sindano kama kliniki ilivyokuelekeza, kisha badilisha kanula na mrija. Zikizidi 1.5, au mtoto akitapika, piga simu kliniki papo hapo.

Hatua ya 5: Subiri usiku tatu. Sukari ikipanda saa ileile kwa usiku tatu, bila chakula wala dozi ya chakula kwa saa nne kabla, lete daftari. Kwa kawaida tunabadilisha kiwango cha msingi kwa asilimia 10 hadi 20, tena kuanzia saa moja au mbili kabla ya sukari kuanza kupanda.