Usimtafunie mhojiwa: jinsi ya kuwauliza watu nchi inasumbuliwa na nini

Kila ninapofundisha kundi jipya la wadadisi, kuna kijana atakayepekua dodoso mpaka kwenye swali la matatizo makubwa ya nchi, aseme, "Mwalimu, hili si rahisi tu? Unauliza, anajibu, unaandika." Huyo namsimulia habari za Manyoni, mkoani Singida.

Nilikuwa mgeni kwenye kazi, jua la saa saba, nimebakiza kaya mbili. Mzee mmoja akanijibu, "Maisha magumu, mwanangu." Nikaandika "umaskini", nikaaga. Kesho yake msimamizi alirudi kwa wahojiwa wachache kukagua kazi yangu, kama inavyotakiwa, akamuuliza yule mzee ugumu wenyewe ni upi. Mzee akampeleka nyuma ya nyumba kumwonyesha mtama uliolazwa na tembo. Dodoso langu halikuwa na tembo hata mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya sampuli na vishikwambi, kaa na swali lenyewe. Kiswahili kina maneno manne yanayogombea nafasi moja hapa, na kila moja linakuletea majibu yake. Ukiuliza "shida", mtu anafikiria nyumbani kwake, tena anadhani umekuja na msaada: atakutajia ada ya mtoto na goti linalomuuma. Ukiuliza "kero", unapata mtaa: taka, shimo la barabarani, muziki wa baa ya jirani. Neno hilo limezoeleka kwenye mikutano ya viongozi wanaokuja kusikiliza kero, na watu wanajua aina ya vitu vinavyosemwa pale. "Changamoto" ndiyo mbaya zaidi. Ukiitumia, mkulima aliyekuwa anaongea vizuri ghafla anageuka afisa: "changamoto ya miundombinu." Hujui kama anasema daraja, umeme au darasa. Mimi nimetulia kwenye "tatizo", na nauliza hivi: "Kwa maoni yako, ni matatizo gani makubwa kabisa yanayoikabili nchi yetu kwa sasa?" Neno "nchi" litamke polepole. Akijibu kuhusu kijiji chake tu, andika alichosema, kisha rudia swali mara moja kama lilivyo. Usimsahihishe.

Usimpe orodha. Ukimsomea "maji, afya, ajira, rushwa", atachagua humo, na mara nyingi atachagua la mwisho kwa sababu ndilo bado linamlia masikioni. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika ulioanza mwaka 1999, huliacha swali la namna hii wazi na kupokea hadi majibu matatu kwa kila mtu. Tatu zinatosha, ukiomba la nne utapata la kukuridhisha wewe. Na liweke swali mapema kwenye dodoso. Ukishamhoji mtu dakika ishirini juu ya zahanati, usishangae nchi nzima ikaugua.

Sasa, nani wa kuulizwa. Watu hunitumia kwenye simu kura za magrupu yao ya WhatsApp: wamejibu elfu tatu, mwalimu, hiyo si sampuli kubwa? Ni kubwa, ila ni ya watu wa grupu hilo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni mbili likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Idadi haiponyi uchaguzi mbaya wa wahojiwa.

Kukadiria sampuli yako itakosea kwa kiasi gani, gawanya 100 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu utakaowahoji. Watu 400 wanakupa kosa la asilimia 5 hivi juu au chini. 1,200 karibu 3. 2,400 karibu 2. Ukihoji kwa mafungu, tuseme watu wanane kila eneo, kosa linapanda kidogo, kwa sababu majirani hufanana majibu kama wanavyochota kisima kimoja. Maeneo yenyewe yapate nafasi ya kuchaguliwa kulingana na wingi wa watu wake, ukitumia hesabu za sensa.

Hapo kuna mtego wa Zanzibar. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na 1,889,773 kati yao wako Zanzibar, yaani asilimia 3 hivi. Kwa sampuli ya 1,200 Zanzibar itapata watu kama 37, na kwa 37 huwezi kusema lolote la maana juu ya Unguja, sembuse Pemba. Hoji 200 kule na 1,000 Bara, halafu kwenye majumlisho ya nchi kila Mzanzibari ahesabiwe kama 0.18 ya mtu na kila wa Bara kama 1.16. Wanafunzi hucheka: mtu robo! Ila ukisahau hatua hiyo, tatizo la Wete, kule Pemba, litaonekana ni la taifa zima.

Kwa simu ni nafuu, lakini wasio na simu ndio hao hao wasiosikika siku zote: wanawake zaidi, wazee zaidi, vijijini zaidi. Shirika la Twaweza walipoanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni kwa simu, mwaka 2013 walizifuata kwanza kaya ana kwa ana, wakawagawia wahojiwa simu na chaja za sola, ndipo wakaanza kupiga. Kama huna bajeti hiyo, tembea.

Kibali kwanza. Kwa utafiti wa kitaifa huku kwetu vibali vinatoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha barua inashuka mkoani, wilayani, kwenye kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti atataka kukupangia watu "wanaojua kujieleza." Mshukuru, pokea maji ya kunywa, kisha hesabu nyumba zako mwenyewe kutoka mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu. Mjini, kama Mbagala, nyumba moja ina wapangaji sita; kaya ni wale wanaokula chungu kimoja, si wanaopita mlango mmoja. Orodhesha watu wazima wa kaya hiyo, kaya hii zamu ya wanawake, inayofuata wanaume, halafu wachote kadi. Kadi ikimwangukia aliye shambani, rudi jioni.

Kadi ikimwangukia mke, jiandae.

"Huyu hajui mambo ya nchi. Niulize mimi."

"Shikamoo baba. Ni bahati nasibu tu, kadi imemwangukia mama. Mwenzangu hapa angependa umwonyeshe mpaka wa kitongoji."

Ndiyo maana nawatuma vijana wawili wawili. Mume akishaondoka na yule mwenzako, mama aliyekuwa akitazama chini atakueleza bei ya mbolea vizuri kuliko mwandishi wa habari.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moja hadi tano moyoni. Ukimya unawatisha wadadisi vijana, wanaujaza na "labda maji?" na hapo umeshamtafunia. Likija jibu pana, "maisha magumu", "hali mbaya", "vyuma vimekaza", chimba kwa swali lisilo na upande: "Unaposema maisha magumu, ni jambo gani hasa?" Usitikise kichwa, usiseme "kweli kabisa." Andika maneno yake kama yalivyotoka, hata kama ni Kigogo nusu, mtayatafsiri baadaye, mkiwa wawili. Akisema "sijui", chimba mara moja, kisha andika sijui. Akiuliza nani kakutuma, mjibu ukweli wote. Anayedhani umetumwa na serikali ataisifia, au ataisema zaidi ya anavyoamini.

Kuweka majibu kwenye mafungu ni kazi ya mezani, na ndiko majibu mengi yanakozikwa. Bomba halitoi, bili kubwa, kisima kiko mbali: yote ni "maji", lakini yana wahusika tofauti, basi yape namba tatu tofauti, utayaunganisha mwishoni ukitaka. Watu wawili wapange majibu yale yale bila kuonana, kisha wagombane panapotofautiana. "Mengineyo" ikizidi asilimia 10, kuna tatizo ambalo hukulipa jina. Wakati wa kuandika, sema kama asilimia ni ya watu au ya majibu. Watu 10 wakitoa majibu 24, na 6 wakataja ajira, hiyo ni asilimia 60 ya watu, ila asilimia 25 tu ya majibu. Nimeona ripoti ikichanganya hizo mbili ukurasa mmoja.

Ajira asilimia 31, maji 29? Kwa sampuli ya 1,200 hayo yamefungana, na usiruhusu mhariri aandike "ajira yaongoza". Tarehe iwe juu kabisa: Januari watu wanaongea sare na michango ya shule, kabla ya mavuno wanaongea chakula, Oktoba kanda ya kati wanaongea maji. Weka na swali lenyewe neno kwa neno. Nakala ya kurasa mbili irudishe kwa mtendaji wa kila kijiji ulichopita, kwa sababu mwakani utagonga milango ile ile, na watu watataka kujua yale majibu yao uliyapeleka wapi.