Mgonjwa wako akiambiwa atabadilishwa plazma

Daktari alisema mdogo wangu "atasafishwa damu", nami nikadhani ni dialisisi, kama jirani yetu hapa Umoja. Kumbe sivyo. Kwa hiyo uliza mapema: ni dialisisi, au ni kubadilisha plazma?

Dialisisi hutoa maji na taka zilizoshinda figo, kingamwili hubaki. Mdogo wangu ana ugonjwa wa anti-GBM, yaani kingamwili zake mwenyewe zinashambulia vichujio vya figo. Hizo zimo kwenye plazma, lile maji ya njano ya damu. Mashine huitenga na kuitupa, kisha chembe za damu zinarudi mwilini pamoja na albumini, protini ya damu inayoshika nafasi ya plazma. Niliuona mfuko wa ile iliyotolewa: rangi ya chai ya rangi iliyopoa.

Kwa anti-GBM huwa ni kila siku kwa wiki mbili hivi, au hadi kingamwili ziishe, lita tatu hadi nne kila mara. Kabla ya siku ya kwanza uliza zitahitajika chupa ngapi za albumini, na SHA, bima ya afya ya serikali, italipia nini. Kama ni lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili wenyewe, usishinikize mashine. Kwa kawaida dawa ndizo hutangulia. Hata kwa ugonjwa wa ANCA, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa midogo ya damu, utafiti mkubwa wa 2020 haukuonyesha kwamba kubadilisha plazma kunapunguza vifo au figo kufa kabisa.

Dawa zote zibebe kwenye mfuko uzionyeshe. Vidonge vya presha kama enalapril vikikutana na albumini vinaweza kuangusha presha, hivyo huachwa mapema kwa agizo la daktari. Prednisolone na cyclophosphamide, zinazozuia mwili kutengeneza kingamwili mpya, hutolewa baada ya mashine, la sivyo nyingine zitaoshwa.

Mashine ikiwa inazunguka, mtazame usoni. Siku ya pili mdogo wangu alikuwa anajilamba midomo tu, kimya. Nilipomwuliza, akasema imekufa ganzi, na vidole vinamchomachoma. Ni sitrati, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine, inayoshusha kalsiamu. Nesi alimwongezea kalsiamu, ikaisha. Mwambie mgonjwa wako asivumilie.

Mbebee sweta na leso nzito, maana baridi huwashika. Mpira wa shingoni, ule unaopitisha damu kwenda kwenye mashine, usilowe maji hata tone. Akipata homa au kutetemeka usiku, usingoje kuche, mrudishe hospitali.