Kabla ya kumlipa mpuliza dawa ya wadudu

Usikubali bei ya kwenye simu. Fundi anayejua kazi hufika kwanza na tochi, akamulika nyuma ya friji na chini ya sinki.

Penye joto na unyevu, mende huzaana mwaka mzima, kwa hiyo uliza gharama ya ziara zote. Kifuko kimoja cha mende mdogo wa jikoni hubeba mayai 30 hadi 40, na dawa ya kupuliza haipenyi vizuri ganda lake. Ziara ya pili, baada ya wiki 2 hadi 4, iandikwe kwenye mkataba. Na fundi asipulizie dawa juu ya jeli ya chambo, ile sumu ya kuliwa na mende: wataikwepa, pesa imepotea.

Kwa mchwa, bei hufuata urefu wa msingi wa nyumba unaochimbwa kando yake ili kutiwa dawa. Vunja sentimita 3 za njia yao ya udongo ukutani. Ikizibwa baada ya siku chache, bado wamo.

Leseni ishike mkononi: jina, tarehe ya kuisha, aina ya kazi. Kisha ipigie mamlaka iliyoitoa uhakikishe namba. Dawa iliyoletwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, ikatae hapohapo.